Picha na Maneno katika Kitabu cha Wadudu wa Suriname

Katika vitabu vya kale vya Ulaya vilivyoeleza maisha ya wadudu, ni vichache vilivyosifiwa, na papo hapo vikachanwa kurasa, kama kile cha Maria Sibylla Merian kilichopigwa chapa Amsterdam mwaka 1705. Kilitoka kwa Kilatini na kwa Kiholanzi, kikiwa na picha 60 zilizochongwa katika mabamba ya shaba, na habari yake ni mageuko ya wadudu wa Suriname, nchi iliyoko kaskazini mwa Marekani ya Kusini. Picha hizo zimetundikwa katika kuta za nyumba nyingi, zimechapwa upya juu ya kadi za salamu, na nakala za kale zimekatwa ili kila ukurasa uuzwe peke yake. Hivyo wako watu wengi wazijuao picha, lakini ni wachache mno walioyasoma maelezo yaliyoandikwa kuzikabili. Madhumuni ya uhakiki huu ni kuonyesha kuwa picha na maelezo ya kitabu hiki ni ushahidi mmoja wenye mikono miwili, na kwamba picha iliyotengwa na maneno yake huficha makosa yake na pia huficha ukweli wake.

Merian alizaliwa Frankfurt mwaka 1647. Baba yake, Matthäus Merian, alikuwa mchongaji wa picha na mpiga chapa mashuhuri. Alipokufa mwaka 1650, mama yake aliolewa na Jacob Marrel, mchoraji wa maua. Binti huyo basi alikulia katikati ya shaba, wino na rangi. Alipokuwa na umri wa miaka 13 alianza kufuga viwavi wa hariri na kutazama jinsi wanavyogeuka. Jambo hilo lilikuwa na uzito zaidi ya mchezo wa mtoto, maana katika zama zile wasomi wengi walikuwa bado wakisadiki kuwa wadudu huzaliwa na tope na uozo. Mwaka 1668 Francesco Redi wa Italia alitoa kitabu kilichoonyesha kwa majaribio kwamba mabuu ya katika nyama hutokana na mayai ya nzi. Merian, kwa njia yake ya kufuga na kuchora, alikuwa akiufikia ukweli huo huo. Mwaka 1679, na tena mwaka 1683, alitoa vitabu viwili vya viwavi wa Ujerumani, kila kimoja kikiwa na picha 50. Mwaka 1699, akiwa na miaka 52, alipanda jahazi pamoja na binti yake mdogo, Dorothea Maria, akavuka bahari kwenda Suriname, iliyokuwa koloni la Waholanzi lenye mashamba ya miwa na watumwa. Alikaa huko takriban miaka miwili mpaka maradhi yalipomrudisha mwaka 1701.

Wahenga walinena, usione vyaelea, vimeundwa. Picha ya shaba haikufanywa kwa mkono mmoja wala kwa siku moja. Kwanza Merian alichora mdudu na mmea wake kwa rangi za maji juu ya ngozi laini ya ndama. Kisha wachongaji, ambao majina ya Joseph Mulder, Pieter Sluyter na Daniel Stoopendael yameandikwa chini ya picha nyingi, walizihamisha sura zile katika bamba kwa tindikali na kwa kalamu kali ya chuma. Bamba lilipakwa wino, likafutwa juu ili wino ubaki katika mifereji tu, kisha likakandamizwa juu ya karatasi mbichi ndani ya mtambo. Picha hutoka imepinduka, kulia kukawa kushoto. Kwa hiyo katika nakala bora, karatasi iliyotoka mtamboni ingali na wino mbichi ilikandamizwa tena juu ya karatasi nyingine, na hii ya pili ikapokea sura iliyoelekea kama mchoro wa asili, yenye mistari hafifu iliyofaa kutiwa rangi kwa mkono. Msomaji ayakumbuke haya, kwani yataeleza jambo moja kubwa huko mbele: mstari wa shaba ukishachongwa ni imara, wala hauna namna ya kusitasita.

Uzuri wa kazi ya Merian hauko katika ustadi wa mistari peke yake. Uko katika mpango. Miaka 40 kabla yake, mwaka 1665, Robert Hooke wa Uingereza alitoa kitabu kilichoonyesha vitu vidogo kwa msaada wa hadubini, na mle mna picha ya kiroboto iliyo kubwa hata karatasi yake hukunjwa. Picha ile yastaajabisha hata leo. Lakini kiroboto wa Hooke amelala peke yake katika weupe wa karatasi. Hana mahali, hana chakula, hana jana wala kesho. Merian alipanga vingine. Katika karatasi moja aliweka mmea, na juu ya mmea ule kiwavi anayekula jani, kifukofuko alimojifungia, na kipepeo au nondo aliyetoka humo. Pengine na mayai pia. Mambo hayo katika maumbile hayaonekani pamoja. Kiwavi akiwapo, kipepeo wake hajawa. Kipepeo akiruka, kiwavi hayupo tena. Kwa hiyo picha ya Merian si picha ya saa yoyote iliyowahi kupita msituni. Ni hadithi nzima ya maisha iliyokunjwa katika ukurasa mmoja, na uongo wake wa saa ndio ukweli wake wa maisha.

Kwa kuwa picha imekunja wakati, yahitaji neno la kuukunjua. Ndipo yanapoingia maelezo. Kila picha katika kitabu cha 1705 ilikuwa na ukurasa wake wa maneno ya Merian mwenyewe, akieleza lini kiwavi aliacha kula, siku ngapi alikaa kifungoni, na ni mdudu gani aliyetoka. Chini yake Caspar Commelin, mtaalamu wa mimea wa Amsterdam, aliongeza maneno mafupi ya Kilatini juu ya jina la mmea. Mpango huu utafahamika upesi kwa mtu wa pwani ya Afrika Mashariki aijuaye kanga. Kanga ina pindo, ina mji, na ina jina lake lililoandikwa. Ukilikata jina, nguo yabaki nguo, na maua yake yangali mazuri; lakini haimsemi mtu wala haimjibu mtu. Yaliyozifika picha za Merian mikononi mwa wakataji wa kurasa ni hayo hayo.

Mfano mwepesi ni picha ya kwanza ya kitabu, ya nanasi lililochanua likizungukwa na mende. Mtazamaji wa leo huona tunda la fahari na wadudu waliopangwa kama vito pembeni mwake, akadhani mchoraji alitaka pambo. Maelezo yasema vingine: mende hao ndio waliochukiwa kupita wadudu wote katika nchi ile, kwa sababu waliharibu sufu, kitani, chakula na kinywaji cha watu. Katika ukurasa mmoja mna utamu na uharibifu. Picha bila neno hubakiza utamu tu.

Mfano wa pili ni mzito zaidi, nao wahusu kosa. Picha ya 49 yaonyesha mkomamanga pamoja na nyenje, na pamoja nao mdudu mwenye kichwa kirefu kilichotuna, ambaye Wazungu walimwita mchukua taa. Katikati yao amechorwa mdudu wa tatu, mwenye mwili wa nyenje na kichwa cha mchukua taa, kana kwamba nyenje amekamatwa njiani akigeuka. Mdudu huyo hayupo duniani. Nyenje hageuki mchukua taa kamwe. Hao ni aina mbili mbalimbali. Aidha Merian aliandika kuwa usiku mmoja alifungua sanduku la wadudu hao akaona mwanga kama wa moto, mwanga ambao ungetosha kusomea gazeti. Hili nalo sayansi imelikataa: kichwa cha mdudu yule hakitoi nuru kama atoavyo kimulimuli. Hata hivyo hadithi ya taa ilienea Ulaya, na mwaka 1758 Linnaeus alimpa mdudu yule jina la Kilatini lenye maana ya taa, jina ambalo lingali likitumika.

Wahakiki wengi wakifika hapa humhukumu Merian kuwa alidanganywa au alidanganya. Lakini asomaye maelezo ya picha hiyo hukuta jambo ambalo picha haikuweza kulisema. Juu ya kugeuka kwa nyenje, Merian alieleza kuwa ni wenyeji wa asili wa nchi ile waliotaka kumsadikisha hivyo. Maana yake, kalamu ya wino iliweka mpaka kati ya jambo lililoonwa na jambo lililosikiwa. Kalamu ya chuma haikuweza. Kiswahili kina neno dogo, *ati*, ambalo msemaji huliweka mbele ya habari asiyoibeba mwenyewe. Picha ya shaba haina *ati*. Mdudu wa kusikia huchongwa kwa mfereji wenye kina sawa na mdudu wa kuona, na wino hushika mote mawili kwa nguvu moja. Aliyeukata ukurasa ule na kuutundika ukutani ameliondoa *ati*, akaacha uvumi umesimama kama ushahidi. Kwa taa ile, hata hivyo, hapana wa kumtetea Merian, kwa sababu hiyo aliieleza kuwa ameiona mwenyewe. Hapo kosa ni lake, nalo limebaki katika maandishi yake kwa kila msomaji kulipima.

Mfano wa tatu waenda upande wa pili. Picha ya 18 ina tawi la mpera lililojaa buibui na chungu. Buibui mmoja mkubwa mwenye manyoya amemlaza chali ndege mdogo mno, wa jamii ya ndege wa Marekani wafyonzao maua kama chozi wa Afrika afanyavyo. Maelezo yasema kuwa buibui hao, wasipopata chungu, huwatoa ndege wadogo viotani na kuwafyonza damu. Yaeleza pia jinsi chungu wanavyoshikana mmoja kwa mmoja na kufanya daraja la miili yao ili wenzao wapite. Mwaka 1834 katika jarida moja la Uingereza yalichapwa maandishi ya kasisi Lansdown Guilding, aliyekuwa amekaa katika kisiwa cha Saint Vincent lakini hakuwahi kufika Suriname. Alizipitia picha za Merian na kuzitia makosa nyingi miongoni mwao, na tena alimlaumu kwa kuyategemea maarifa ya watumwa wa Kiafrika na wenyeji wa asili. Lawama hiyo ya mwisho yaonyesha mizani aliyoitumia: habari ilipimwa kwa cheo cha aliyeitoa kabla ya kupimwa kwa ukweli wake.

Miaka 29 baadaye, mwaka 1863, Henry Walter Bates alitoa kitabu cha safari zake katika mto Amazon, akasimulia jinsi alivyomkuta kwa macho yake buibui wa namna hiyo akiwa na ndege wadogo wawili walionaswa. Buibui wa Merian alithibitika. Chungu wa daraja nao wapo, ijapokuwa wataalamu wa baadaye wametambua kuwa Merian alichanganya katika habari moja tabia za aina mbili za chungu, wale wakatao majani na wale waendao kwa majeshi. Basi katika picha ya 49 habari ya kusikia ilimpotosha, na katika picha ya 18 habari iliyodharauliwa ilikuja kuonekana kweli. Haifai kusema kwamba maneno ya wenyeji yalikuwa kweli siku zote, wala kwamba yalikuwa uzushi siku zote. Lililopasa ni kila neno kupimwa, na halipimiki ikiwa limetupwa.

Mfano wa nne ndio unaobeba hoja yote. Picha ya 45 ni miongoni mwa zile zipendwazo sana na wanunuzi. Ina mmea wenye maua mekundu na ya manjano yenye nyuzi ndefu, kiwavi wa kijani juu ya majani, na nondo mkubwa anayeuendea ua kwa ulimi wake mrefu. Mmea huo hupandwa kwa uzuri wake katika bustani za nchi zote za joto, pamoja na pwani ya Afrika Mashariki, na wengi hupita kando yake kila asubuhi. Katika picha hakuna ila utulivu. Lakini ukurasa unaoikabili wasimulia kuwa mbegu za mmea ule zilitumiwa na wanawake kuharakisha uchungu wa uzazi. Na kwamba wanawake wa asili ya nchi, waliokuwa wakitendewa vibaya na mabwana wa Kiholanzi, walizitumia kuharibu mimba ili watoto wao wasizaliwe utumwani kama wao. Wanawake Weusi walioletwa kutoka Guinea na Angola, asema, iliwapasa mabwana kuwatendea kwa upole, la sivyo walikataa kuwa na watoto; na wengine walijiua kwa mateso, wakiamini kuwa watazaliwa tena, huru, katika nchi zao. Merian aliongeza kwamba haya aliyasikia kutoka vinywani mwao wenyewe.

Hapo *nimesikia* si neno la kupunguza imani. Ni neno la kuleta shahidi. Wanawake wale hawakuwa na kalamu wala mtambo wa chapa, wala baraza la kuwasikiliza. Sauti yao imefika leo kwa sababu iliandikwa chini ya jina la ua, katika kitabu cha viwavi. Aikataye picha ya 45 na kuiuza peke yake huuza ua na kuwanyamazisha wanawake, hata kama hana nia hiyo. Wala jambo hili halikuanza na wauzaji wa picha. Mwanahistoria Londa Schiebinger, katika kitabu chake cha mwaka 2004 juu ya mimea na dola, ameonyesha kuwa mmea huu ulivuka bahari na kupandwa katika bustani za Ulaya, lakini elimu ya matumizi yake katika kuharibu mimba haikupokewa pamoja nao. Ua lilikaribishwa kwa uzuri wake; lililosemwa juu yake likaachwa bandarini.

Sifa hizi zisimfanye Merian kuwa mtetezi ambaye hakuwa. Yeye mwenyewe alifanyiwa kazi na watumwa. Aliandika bila haya yoyote kwamba aliwatanguliza watumwa wake wenye mashoka ili wamkatie njia msituni, na kwamba walimletea wadudu na mizizi. Mwanamke mmoja mwenyeji wa asili alisafiri naye mpaka Amsterdam, na jina lake halimo katika kitabu. Majina ya wachongaji watatu yamesomeka chini ya picha. Majina ya waliotafuta, waliobeba na waliofundisha hayasomeki popote. Aliwacheka wenye mashamba ambao walimdhihaki kwa kutafuta kitu kingine kisichokuwa sukari, lakini aliishi katika nchi iliyolishwa na sukari hiyo hiyo. Katika utangulizi wake alisema kuwa ameyahifadhi majina ya mimea kama yalivyotamkwa na wakazi na wenyeji wa kule, na hilo ni jambo la kushukuriwa. Walakini majina ya mimea si majina ya watu. Haki yake kamili ni hii: alisikiliza kuliko wengi wa zama zake, na aliandika kuwa amesikiliza. Zaidi ya hapo si haki kumpa.

Yamkini mtu atasema kuwa picha nzuri hujisemea yenyewe, na kwamba sanaa haihitaji mkalimani. Hoja hiyo ina nguvu kwa picha zilizofanywa kwa ajili ya kutazamwa tu. Haina nguvu hapa, kwa sababu Merian hakuchora pambo akaliongezea maneno baadaye. Mpango wenyewe wa picha, wa kukusanya nyakati nne katika tawi moja, ulitegemea kuwa msomaji atageuza jicho upande wa pili na kujua nini kilitangulia na nini kilifuata. Hata hivyo yafaa kukiri kuwa uzuri wa picha umechangia katika kuyameza maneno. Ua la picha ya 45 ni zuri hata jicho halitamani kuliacha, na hakuna mstari mmoja ndani yake unaomwonya mtazamaji kwamba kando yake kuna kilio. Hapo msanii amemshinda shahidi, na huo ndio upungufu mkubwa wa kitabu hiki kuliko nyenje asiyekuwapo.

Mwaka 1719, miaka miwili baada ya kifo cha Merian, kitabu kilitolewa tena kikiwa na picha 72, na tangu hapo kimechapwa mara nyingi kwa namna nyingi. Leo ni rahisi zaidi kuzipata picha zake kuliko wakati wowote uliopita, na si ajabu zikatumiwa katika vitabu vya shule vya Kiswahili, kufundishia mageuko ya kiwavi na kipepeo. Zinafaa kazi hiyo. Lakini atakayezitumia amewiwa na wasomaji wake jambo moja: aifasiri na sehemu ya pili ya ukurasa. Mwanafunzi ajue kuwa nyenje mwenye kichwa cha taa ni mdudu wa *ati*. Ajue kuwa buibui wa mpera alikataliwa na watu wasiomwona, kisha akaonekana. Na aupitiapo mmea wa maua mekundu katika ua wa jirani, ajue ni kitu gani wanawake wa Guinea na Angola walisema juu yake kule Suriname.